Thamani ya Elimu Haihubiriwi

Kila Desemba, barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Moshi hujaa magari. Wachagga wanarudi nyumbani: Marangu, Kibosho, Machame, Old Moshi, Rombo. Watoto hupangwa mbele ya babu, bibi, wajomba na shangazi, na salamu zikishaisha linafuata swali moja: "Umekuwa wa ngapi?" Akijibu wa tatu, anapigiwa makofi na noti inaingia mfukoni. Akijibu wa arobaini na moja, mazungumzo yanahamia kwenye nyama na pombe ya mbege. Ni nadra kusikia mtu mzima akimwuliza mtoto: "Mwaka huu unajua kufanya nini ambacho mwaka jana ulikuwa huwezi?"

Swali tunalouliza humfundisha mtoto elimu ni nini. Tukimwuliza nafasi yake darasani mwaka baada ya mwaka, ataamini kwamba shule ni mahali pa kupangwa foleni. Halafu akifika kidato cha pili akaanza kutoroka vipindi, akaonekana stendi au kijiwe cha bodaboda, tunashangaa. Mkuu wa shule anaita mkutano wa wazazi, mzazi anamleta ndugu aliyefanikiwa aje kuongea na vijana, na wote tunarudia maneno yale yale: someni, elimu ni ufunguo wa maisha.

Hoja yangu ni kwamba thamani ya elimu haihubiriwi. Mwanafunzi huiona kwa njia mbili. Ya kwanza ni pale anapoliweza kweli jambo alilokuwa haliwezi, akajua mwenyewe kwamba ameliweza. Ya pili ni pale jambo hilo linapofanya kazi mahali anapopajua. Shule zetu zimeziacha njia hizi zote mbili zikaota majani. Na mahali pachache katika nchi hii pana nyenzo nyingi za kuzifungua upya kama Moshi na vijiji vya mlima Kilimanjaro.

Mkoa huu haukuwa na shida ya kupenda shule. Kahawa ilipandwa Kilema na wamisionari wa Kikatoliki mwishoni mwa karne ya 19, na wakulima Wachagga waliishika wakaifanya yao. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wapanda kahawa, Joseph Merinyo akiwa rais wake, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika cha KNCU. Fedha ya kahawa ililipa ada na ikajenga madarasa. Mwaka 1963 Moshi ikapata Chuo cha Ushirika, ambacho tangu 2014 ni Chuo Kikuu. Wakati huohuo vihamba, yaani mashamba ya ukoo, viligawanywa kwa wana na wajukuu hadi vikabaki vipande, na elimu ikawa urithi wa yule ambaye hakubakiziwa ardhi. Mzazi aliyeuza magunia yake akampeleka mtoto sekondari alijua anachonunua: ukarani, ualimu, uuguzi, ofisi ya serikali.

Mapenzi hayo yalikuwa na udhaifu mmoja. Yalifungwa kwenye cheti, na cheti kikafungwa kwenye ajira. Mfumo wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulipovunjika Julai 1989, bei ilianguka, na watu wengi mlimani waling'oa mibuni wakapanda nyanya na migomba. Ajira za serikali nazo zikaacha kumsubiri kila aliyemaliza shule. Leo mtoto wa kidato cha pili Kibosho ana kaka mwenye shahada anayeendesha bodaboda. Tukimwambia "soma upate kazi", anamtazama kaka yake kisha anatutazama sisi. Hana ukaidi. Anafanya kile tulichomfundisha: anapima dai kwa ushahidi.

Zipo tafiti zinazoonyesha kwamba kumweleza kijana ukweli kuhusu faida ya shule humsaidia. Robert Jensen alichapisha mwaka 2010 utafiti wa Jamhuri ya Dominika: wavulana walidhani faida ya kipato inayotokana na sekondari ni ndogo kuliko ilivyo, na walioelezwa hali halisi walibaki shuleni muda mrefu zaidi. Trang Nguyen aliona jambo linalofanana na hilo Madagaska. Kwa hiyo kueleza si kazi bure, ila maelezo lazima yawe ya kweli, na hata yakiwa ya kweli yanahusu miaka kumi ijayo. Mtoto wa miaka 14 anayekaa kwenye kipindi cha saa nane mchana, tumbo likiwa tupu, anahitaji sababu ya kusikiliza leo.

Mwalimu Julius Nyerere aliliona tatizo hili mapema. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967 alikosoa shule ya msingi iliyowaandaa watoto wote kwa mtihani ambao wachache tu wangeufaulu, na kuwaacha wengine wote wakijiona wameshindwa. Alitaka shule iwe sehemu ya jamii yake, na kila shule iwe na shamba au karakana ambamo wanafunzi wangefikiri, wangepanga na wangepima matokeo ya kazi yao wenyewe. Kilichotokea katika shule nyingi tunakijua. Jembe lilikuja, fikra haikuja nalo. Shamba la shule likawa mahali pa kumtuma mchelewaji, na kufyeka nyasi kukawa adhabu ya aliyekosa hesabu. Vizazi kadhaa vikajifunza kwamba kazi ya mikono ni fedheha na kwamba darasa halina uhusiano wowote nayo.

Somo hilo linatuhusu sasa hivi. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeleta mkondo wa amali katika sekondari, na toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo, lililozinduliwa mwanzoni mwa 2025, limeuweka ujuzi mbele. Ni hatua njema. Lakini tukiupeleka mkondo wa amali kwa wale tu tunaowaona hawajiwezi darasani, tutarudia kosa la shamba la shule kwa jina jipya. Kazi isiyodai maarifa haimwonyeshi mtu thamani ya maarifa.

Turudi kwenye njia ya kwanza, ya kuliweza jambo. Katika mtihani wa kidato cha nne, alama 30 ni D, na D inahesabiwa kuwa ni kufaulu. Maana yake mwanafunzi anaweza kukosa sehemu kubwa ya somo, akapongezwa, akaendelea. Sasa nenda KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako tangu 1981 kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT. Mguu bandia ulio sahihi kwa asilimia 30 hauvaliki. Ukikosea pembe ya kifundo kidogo tu, mgonjwa atatembea kwa maumivu au hatatembea kabisa. Mwanafunzi wa pale hawezi kuambiwa "umejitahidi" kisha akasogezwa mbele. Anarudia mpaka mguu ukae.

Wazo la kwamba shule ya kawaida nayo inaweza kufanya hivyo lilielezwa vizuri na Benjamin Bloom, mtaalamu wa elimu wa Chicago, mwaka 1968. Alisema shule hushikilia muda uwe mmoja kwa wote na kuuacha umahiri utofautiane: wiki mbili kwa kila mada, aliyeelewa kaelewa, aliyebaki kabaki. Yeye alipendekeza kinyume chake. Umahiri uwe mmoja kwa wote, muda na msaada vitofautiane. Mwalimu afundishe, apime kwa jaribio fupi, awape waliokwama maelezo mengine kwa njia nyingine, kisha wapimwe tena kabla ya mada inayofuata. Hisabati ndiyo inayoonyesha waziwazi kwa nini jambo hili ni la lazima. Asiyezijua hesabu za sehemu hawezi uwiano, asiyejua uwiano hawezi mwinamo wa mstari, na asiyejua mwinamo atakaa kidato cha tatu na cha nne akinakili ubaoni alama zisizo na maana kwake. Miaka ya karibuni, karibu watahiniwa 3 au zaidi kati ya kila 4 wamepata F katika Hisabati ya kidato cha nne. Wengi wao hawakushindwa mwaka wa mtihani. Walishindwa darasa la tano, na hakuna aliyerudi nyuma kuwachukua.

Pengo lenyewe huanza mapema kuliko hapo. Tathmini za mpango wa Uwezo zilipoanza nchini mwaka 2010 zilionyesha kwamba ni watoto watatu hivi kati ya kumi wa darasa la tatu waliokuwa wakiweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Serikali ilijibu mwaka 2015 kwa mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojikita katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Uamuzi ule ulikuwa wa busara kwa sababu ulikubali kwamba mada chache zilizokamatwa ni bora kuliko nyingi zilizopitiwa.

Kisha mtoto anaingia kidato cha kwanza, na lugha ya kufundishia inageuka. Tume ya elimu ya Makweta ilikuwa imependekeza tangu 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Matokeo yake tunayo madarasani: mwanafunzi anakariri fasili ya usanisinuru kwa Kiingereza neno kwa neno, ila ukimwuliza kwa nini mibuni ya kwao imepandwa chini ya migomba anakaa kimya. Sehemu ya jibu inahusu mwanga, ambao umo kwenye fasili ileile aliyoikariri. Mabadiliko ya lugha yanahitaji uamuzi wa taifa, lakini mwalimu hahitaji kusubiri ili amruhusu mwanafunzi aeleze kwanza wazo kwa Kiswahili, alitetee mbele ya wenzake, halafu aliandike kwa Kiingereza cha mtihani. Kukariri kunakuja baada ya kuelewa, na hapo kunakuwa kwepesi.

Kinachoua umahiri kimyakimya zaidi ya vyote ni namna tunavyomrudishia mwanafunzi kazi yake. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler wa Israel aligawa wanafunzi wa umri wa miaka 11 hivi katika makundi matatu. Kundi moja lilirudishiwa kazi zikiwa na alama tu, jingine maoni tu, la tatu alama pamoja na maoni. Waliopata maoni peke yake walifanya vizuri zaidi baadaye, na hamu yao ikabaki juu. Waliopewa vyote viwili hawakunufaika hivyo. Jicho likishaona namba, halisomi tena kilichoandikwa. Sasa fikiria fomu zetu za taarifa za mwanafunzi: safu ya alama, safu ya madaraja, kisha "wa 41 kati ya 62". Wa 41 haambiwi amekwama wapi. Wa kwanza naye haambiwi bado hajui nini, na anaweza kuongoza darasa dhaifu miaka minne akidhani amemaliza.

Januari 2023, Baraza la Mitihani la Taifa kupitia Kaimu Katibu Mtendaji wake wa wakati huo, Athumani Amasi, lilitangaza kwamba halitataja tena shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Wapo waliolalamika. Mimi nauona uamuzi ule kuwa mlango uliofunguliwa ambao shule bado hazijaupita. Mabango ya "divisheni wani ya pointi 7" bado yako barabarani, na mpangilio wa nafasi bado unabandikwa ukutani kila muhula. Bodi ya shule ina uwezo wa kuamua kwamba taarifa ya mwanafunzi itataja mada alizozimudu na alizokwama, na nafasi yake iondoke.

Pamoja na hilo kuna fimbo. Mwalimu anayechapa kwa kila jibu lililokosewa anawafundisha wanafunzi wake kutoonyesha wasichojua. Mkono haunyooshwi, daftari linanakiliwa kwa jirani, na kosa linafichwa hadi Novemba linapofichuliwa na mtihani. Darasa la umahiri linahitaji kosa lionekane mapema, lijadiliwe bila aibu, lisahihishwe. Najua jibu la walimu wa shule za kata: tuna wanafunzi 70 na zaidi, nani aandike maoni kwenye madaftari 70? Ni kweli haiwezekani kwa kila zoezi. Inawezekana kusoma madaftari 15, kuandika ubaoni makosa manne yaliyojirudia, na kuwapa wote dakika ishirini za kutafuta kosa hilo kwenye kazi zao na kulirekebisha kwa pamoja. Inawezekana pia kurudia jaribio na kuhesabu alama ya pili. Mwanafunzi aliyepata 4 kati ya 20 Jumatatu, akapata 14 Ijumaa, ameonja kitu ambacho hotuba yoyote haiwezi kumpa.

Njia ya pili ni kuiona elimu ikifanya kazi. Hapa nako tahadhari inahitajika, kwa maana tunapenda mno kusema badala ya kuonyesha. Chris Hulleman na Judith Harackiewicz walichapisha mwaka 2009 jaribio walilofanya katika madarasa ya sayansi ya sekondari Marekani. Wanafunzi waliombwa kuandika wao wenyewe jinsi walichojifunza kinavyohusiana na maisha yao. Waliokuwa na matumaini madogo ya kufaulu ndio walionufaika zaidi, kwa hamu na kwa alama. Mwaka 2015 Elizabeth Canning na Harackiewicz walionyesha upande wa pili: kumwambia moja kwa moja mtu asiyejiamini kwamba somo hili lina manufaa kunaweza kumkatisha tamaa, lakini akiyatafuta manufaa hayo mwenyewe anainuka. Mhubiri wa thamani ya elimu anawaongezea wanyonge mzigo. Mwalimu anayewapa swali zuri anawasaidia.

Na maswali mazuri mlimani ni mengi. Madaraja ya kahawa, AA, A, B na mengine, hutenganishwa kiwandani kwa machekeche yenye namba, na namba ya chekeche ni idadi ya sehemu za 64 za inchi katika upana wa tundu. Chekeche namba 18 lina tundu la 18/64. Wanafunzi wafupishe wapate 9/32, wageuze kuwa milimita wapate takriban 7.14, kisha wapime punje za nyumbani na kukisia zitaangukia daraja gani. Sehemu, desimali na bei ya kahawa ya mzazi zimekutana katika kipindi kimoja.

Mifongo, ile mifereji ya asili iliyochongwa na mababu kuvuta maji kutoka mabondeni hadi vihambani, ni somo zima la mwinamo. Mteremko ukizidi, maji yanachimba mfereji na kuubomoa. Ukipungua, yanatuama na tope linaujaza. Darasa lenye kamba, mti ulionyooka na chupa ya maji ya kupimia usawa linaweza kupima mita 20 za mfongo na kukokotoa namba ambayo kitabu huipa herufi m. Pale ndipo mwanafunzi anatambua kwamba wazee waliochonga mfongo ule, wengi wao bila kuingia darasani, walikuwa wahandisi, na kwamba anachojifunza kina ukoo hapo kwao.

Wagumu, wapagazi wetu wa mlimani, wanajua kwamba maharage hayaivi vizuri kambi ya Kibo. Kitabu cha fizikia kinaeleza sababu: kwenye kimo cha mita 4,700 hivi shinikizo la hewa ni dogo, na maji huchemka karibu nyuzi 85 za Selsiasi, wala hayafiki 100. Kijana anayetamani kuwa mwongozaji wa watalii apewe pia biolojia ya damu na oksijeni, maana siku mgeni atakapoanza kuyumba na kutapika juu ya mita 4,000, maarifa hayo ndiyo yatakayompa uamuzi wa kumshusha. Na kituo cha utafiti wa kahawa Lyamungo kimezalisha aina chotara zinazohimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Mkulima anashauriwa kutumia miche ya vikonyo badala ya mbegu kwa sababu mbegu za chotara hazishiki sifa za mama zote. Hiyo ni mada ya urithi ya kidato cha nne, ikiwa imesimama shambani.

Wataalamu wa mahali hapa waalikwe shuleni, lakini wasije kama wahamasishaji. Mwonjaji wa kahawa, fundi wa TATCOT, muuguzi, fundi umeme, kila mmoja aje na vitu viwili: kazi moja halisi anayoifanya kwa kutumia mada ambayo darasa liko nayo wiki hiyo, na maelezo ya kinachotokea akikosea. Kisha wanafunzi waifanye kazi hiyo kwa mikono yao.

Siyo kila elimu ina matumizi ya papo hapo, na sitaki kuipunguza shule iwe karakana. Ushairi, historia na jiometri vina raha yao, na raha hiyo pia huja kwa kuviweza. Ndiyo maana nina wasiwasi na desturi ya fedha kwa kila A. Mwaka 1971 Edward Deci alionyesha kwamba watu waliolipwa kwa kutatua mafumbo, malipo yalipokoma, waliyachezea kidogo kuliko ambao hawakuwahi kulipwa. Zawadi ya ghafla kwa bidii iliyoonekana haina ubaya. Mkataba wa malipo kwa alama unamfundisha mtoto kwamba kusoma kwenyewe hakuna ladha.

Mzazi makini ataniuliza: mtihani ndio unaochagua nani aende kidato cha tano, kwa nini nimchezee mwanangu? Namjibu kwa historia yetu ya karibuni. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na divisheni sifuri, hata serikali ikaunda tume na matokeo kupangwa upya. Tuisheni na madaftari ya maswali ya mitihani iliyopita havikuwaokoa. Walikosa msingi. Mbio za mtihani bila umahiri huanguka kwenye mtihani huohuo.

Kwa hiyo naziomba shule za Moshi Mjini na Moshi Vijijini zianze na jambo moja, Januari, kidato cha kwanza: hesabu za sehemu. Wiki ya kwanza wapimwe wote bila alama ya nafasi. Wiki tano zinazofuata wafundishwe, wapimwe, wasahihishwe na kupimwa tena, kwa chekeche, kwa kibaba cha mahindi, kwa bei za soko la Mbuyuni, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na darasa lisivuke mpaka tisa kati ya kumi waweze. Wiki ya saba kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja akieleza ni wapi nyumbani kwao sehemu zinatumika, na mzazi ausome na kusaini. Sijui waraka wowote wa wizara unaokataza hilo, na gharama yake ni karatasi. Wanafunzi watakaovuka wiki hiyo wakijua kwamba wanaweza hawatahitaji kuhubiriwa mada ya pili.